Fundi Aliyeufuata Moshi wa Udi

Baada ya baba kufariki, mama alikataa kushuka mjini Nizwa kukaa na mimi. Alibaki peke yake katika nyumba yao ya juu mlimani, Jabal Akhdar. Kila Ijumaa ya majira ya baridi nilimkuta kajifunika mablanketi, hita za umeme zinawaka kila chumba tangu alfajiri, na bado anatetemeka.

Nikaamua kumfungia viyoyozi vikubwa vya kutoa joto, nyumba nzima. Nikapanda na fundi, mtu mzima aliyezaliwa Tabora.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, utaganda hapo mlangoni."

Nilidhani atafungua vifaa vyake. Wapi! Alikaa, akanywa kahawa, akamwuliza mama anashinda wapi, analala wapi, na vyumba vingine anavitumia nani.

"Labda majini," mama akacheka.

Mama alikuwa kamfukizia mgeni udi. Nikaona fundi anautazama moshi. Haukupanda; ulilala, ukaelekea dirishani. Akaomba chetezo, akazunguka nacho mlango kwa mlango, mimi nyuma yake.

"Dada, joto lote linavujia nje kwenye nyufa hizi," akaniambia. "Nikifunga hivyo ulivyotaka, utakuwa unaupasha moto mlima."

Siku ile hakufunga kiyoyozi hata kimoja. Aliziba nyufa za madirisha, akatia vipande vya mpira chini ya milango. Wiki ya pili akaleta viwili tu, cha chumbani na cha sebuleni, vyote vya kukaa chini karibu na sakafu, maana joto hupanda lenyewe. Akaviweka kwenye joto la wastani.

Mama hakuridhika. "Mbona kidogo hivi? Zidisha, bwana!"

"Nipe siku chache, mama. Ukisikia baridi nipigie, nitapanda mwenyewe."

Hakupigiwa. Ijumaa iliyofuata nilimkuta mama na kanzu nyepesi, hita kazitia stoo. Bili ya umeme ilipokuja ndogo vile, mume wangu alidhani mita imeharibika.

Fundi angeweza kuniuzia kila nilichoomba, na ningemshukuru. Badala yake, baridi ilipozidi, alipanda tena bila ya kuitwa, akapitisha kiganja kwenye kila dirisha. Mama akamkalisha chini kwa nguvu, akamwekea wali, na wakazungumza habari za Tabora, na za Unguja alikokulia mama, mpaka alasiri.