Siku Dira Ilipotuingiza Matangani

Kuna watu hapa mtaani Tena ambao hadi leo nikiwaona kwa mbali navuka barabara, na kosa ni langu mwenyewe, mimi mwalimu wa jiografia niliyefundisha dira wiki mbili nikijiona profesa.

Siku hiyo nilitoa darasa zima la kidato cha pili, twende mtoni kwa kufuata ramani na dira tu, na naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Barasa, akaja nyuma yetu na daftari kunikagua (nilikuwa bado kwenye majaribio, kazi haijathibitishwa, roho juu juu). Mkono mmoja nimeshika ramani, mwingine dira na simu pamoja, na kumbe kifuniko cha simu kina sumaku, sindano inavutwa huko, mimi naifuata tu! Nafula, mwanafunzi anayeishi mtaa huo, akaniambia, "Mwalimu, mto tumeuacha nyuma."

Nikamjibu kwa sauti, Barasa asikie, "Hatuulizi njia. Tunasoma kaskazini."

Kona moja, kona ya pili, tukatokea kwenye hema lililojaa watu. Matanga. Kabla sijageuza msafara, mama mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani, ambaye baadaye nilijua ndiye mjane, akanikumbatia: "Asanteni kwa kuja, mwalimu, watoto wakae." Wanafunzi arobaini wakakaa, chai ikaanza kuzunguka, na mimi badala ya kusema tumepotea nikampigapiga mgongoni (ningesemaje, naye analia begani kwangu?). Mara nikapewa kipaza sauti.

Nikasema, kwa kubahatisha, marehemu alikuwa mama wa wengi, mwalimu wa kuigwa, na shule nzima itamkosa.

Watu wakatazamana. Nafula akanivuta sketi: "Mwalimu, ni mwanaume. Alikuwa fundi wa reli."

Nikaungama yote palepale. Mjane akanitazama, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia tena, kumbe anacheka. "Huyo mzee angecheka mpaka aanguke kitini," akasema. "Sijacheka tangu Jumapili. Kunyweni chai, kisha nitawapa mtu awaonyeshe mto."

Kazini nilithibitishwa, ingawa Barasa hajawahi kunionyesha alichoandika. Siku hizi nikitoka na darasa simu naiacha ofisini, na mazoezi ya kwanza ya ramani ni kusimama mbele ya mama mboga na kusema, "Samahani mama, tumepotea." Asiyeweza kulitamka hilo, simpi alama.