Mchina wa Baba

Juzi, nikiwa saluni Joubert Park nikinyolewa kwa ajili ya usaili wa kazi, televisheni ilimwonyesha kijana wa Kichina akicheza gofu. Sikumjua hata jina, lakini wivu wa zamani ulinirudia.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa mlinzi getini kwenye klabu ya gofu. Alasiri moja chumba chetu cha mtaa wa Bertrams kilinuka rangi ya viatu na makayabu ya mama, samaki wa chumvi. Nilishika karatasi yangu ya hesabu, themanini juu ya mia, nikingoja baba anitazame. Yeye alimtazama Mchina wake kwenye televisheni, wa kwanza kwao kuishi kwa kucheza gofu.

"Huyu hakufundishwa na mtu, alijifunza peke yake!" alimwambia mama. "Sasa wazungu wanamwogopa."

"Muoe, basi," mama alijibu.

Kando ya jina la Mchina palikuwa na tano nyekundu yenye alama ya kutoa. Nilifurahi mno. Chini ya sifuri! Lakini baba alishangilia mpaka jirani akagonga ukuta, kisha akachukua karatasi yangu.

"Themanini. Na hizi ishirini umemwachia nani?"

Sikujua kwamba kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye anayeshinda. Niliwaza siku nzima, nikaamua kwamba baba anawapenda wanaoshindwa. Jaribio lililofuata niliacha maswali yote wazi, ingawa majibu niliyajua, nikampelekea sifuri yangu mbio, nikitabasamu.