Mrefu wa Foleni ya Geti

Meneja alinionya: timu ya basketboli ya kiwanda chetu cha nguo ikishindwa tena Jumamosi, mimi kocha nitarudi kwetu Mwala kuchunga mbuzi. Usingizi ukapaa. Hatukuwa tena na mchezaji mrefu hata mmoja.

Asubuhi, kwenye foleni ya watafuta kazi getini, nikaona jamaa kama mlingoti wa stima. Nikamshika mkono kabla hajaponyoka.

"Ndugu, ruka uguse hiyo chuma ya juu ya geti."

Akaruka, akagusa. Nikamwambia kazi amepata, kushona asijali, sindano hataishika.

"Mimi ni afisa wa leba, mkaguzi wa ajira kutoka Machakos," akasema, akikung'uta mikono. "Tuliambiwa hapa mnaandika watu kwa urefu. Nilikuwa nimekataa kuamini."