Wifi Alipokuja Kututibia Mtoto

Leo nimejua kwamba wifi yangu ni daktari.

(Nawaandikia wenzangu nyote kwa mpigo mmoja, kwenye kompyuta ya dukani kwetu. Mtoto kalala mapajani.)

Mwanangu wa miaka mitatu anahara tangu alfajiri. Midomo imemkauka, nami namnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kijiko.

Wifi akaingia, hata buibui hajavua, akaninyang'anya kikombe. "Maji ndiyo yanayomharisha. Asinywe kitu."

Kisha akachungulia poti. Choo chekundu.

"Damu hii. Mtoto kapigwa jicho la hasidi. Si wewe uliyempeleka harusini bila kumpaka wanja?"

Akatoa chetezo mkobani, akafukiza ubani nyumba nzima. Mtoto akakohoa, akahara tena, nikalaumiwa tena.

Moshi ulipopungua, mtoto akamvuta buibui. "Shangazi, nipe mabuyu kama ya jana."

Jana yeye ndiye aliyemtembeza ufukweni Mama Ngina. Nikamtazama mtoto vidole: wekundu wa rangi ya mabuyu bado umo kuchani, rangi ile ile ya kwenye poti.

Nikachukua kikombe changu, nikamwambia wifi chetezo chake akirudishe mkobani.

Kaondoka bila kuaga. Mtoto akanywa maji yake mpaka akalala.

Wenzangu, mawifi wenu udaktari wamesomea wapi?