Tanuri la Matofali 10,007

Siku Phanuel Osundwa anazikwa hapa Malinya, tanuri lake la matofali bado linawaka. Waombolezaji hawajamaliza wimbo, lakini mjane wake, Edah Muhonja, anajifunga leso kiunoni na kwenda kusukuma gogo mdomoni mwa tanuri.

"Walisema sina heshima," anasimulia miezi minne baadaye. "Lakini moto ukizimika katikati unabaki na udongo tu. Phanuel mwenyewe angenicheka."

Muhonja, mwenye umri wa miaka 34, hufyatua matofali. Tangu miwa ianze kulipa, kila mkulima hapa anataka nyumba ya matofali, na moja huuzwa senti arobaini. Haya hayakuwa ya kuuza. Yalikuwa ya nyumba yao wenyewe, na Phanuel aliyapanga tanurini yakiwa 10,007.

Phanuel aliishia kidato cha pili, ila mapenzi ya hesabu hayakumwisha. Wakifyatua, alikuwa akimpangia mkewe safu. Matofali kumi na mawili hukubali safu mbili, tatu, nne au sita zilizo sawa. Kumi na matatu hukataa zote.

"Namba ya aina hiyo huitwa tasa," Muhonja anaeleza. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Na 10,007 ndiyo tasa ndogo kuliko zote zenye tarakimu tano. Tuliijaribu kwa saba, kwa kumi na moja, tukaenda hadi tisini na saba. Kila mara kitu kinabaki. Akaniambia, 'Hii ni kichwa ngumu kama wewe.'"

Siku ya kunyoa nywele, ukoo unapogawa mali ya marehemu, shemeji yake Were alitaka matofali yagawanywe kati ya ndugu watatu.

"Gawanyeni," Muhonja akawaambia. "Lakini sawasawa, lisibaki hata moja."

Kwa watatu, yakabaki mawili. Wakamhesabu na mjane, yakabaki matatu.

"Basi tumwongeze fahali wa Were awe wa tano," mzee mmoja akatania. Yakabaki mawili tena.

Were hakucheka. "Mulamwa, shemeji yangu, usituletee hesabu za shule kwenye matanga. Yanayobaki tutayapasua."

"Haya, tuache hesabu," Muhonja akajibu. "Udongo huo niliubeba kwa kichwa nikiwa na mimba. Anayetaka tofali aanze kwa kuniondoa mimi."

Akaketi mbele ya tanuri, kichwa kimenyolewa, miguu ameinyoosha. Were akageuka, akaenda zake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Were hajasema ameacha madai yake. Wakikutana sokoni hamsalimii Muhonja.

"Asinisalimie," anasema huku akipanda jukwaa la ujenzi kumpa fundi tofali. "Mimi sikuolewa na salamu."

Kuta za nyumba yake zimefika juu ya madirisha. Jumatatu, mvua ikikubali, Muhonja ataanza kuchimba udongo wa tanuri jingine. Hilo litakuwa la kuuza.