Kitana cha Shangazi Zuwena

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyotiwa asmini ikinipitia puani, uso wangu huwaka moto kabla sijajua kwa nini. Wengine huwakumbusha harusi. Mimi hunirudisha kwenye masika moja ya miaka ya hamsini, katika nyumba yetu ya Mkunazini, Mji Mkongwe, wakati kuta za mawe zilipotoa jasho na chokaa ikabambuka na kuanguka sakafuni kama unga. Ndiyo masika ambayo shangazi yangu Zuwena, dada yake baba, alikuwa ameachwa na mumewe na kurudi kwetu na sanduku lake moja. Nilikuwa na umri wa kama miaka tisa. Nilikuwa mtoto ambaye akikosea herufi moja kwenye ubao wa chuo cha Kurani huufuta wote na kuanza upya, na kwa mtoto wa namna hiyo hakuna mzigo mzito kama macho ya watu.

Eda yake Shangazi aliimaliza juu chumbani, na hakuna aliyeshangaa, kwani mwanamke wa eda hukaa ndani. Kilichowashangaza watu ni yale yaliyofuata. Kila siku baada ya adhuhuri alikoga, akajipaka mafuta yale, akachana nywele kwa kitana cha mti na kupasua njia katikati, imenyooka kama uzi wa fundi muashi. Kisha wanja. Kisha kanga zilizofukizwa udi, na kikuba cha asmini kifuani, kama anayengojewa nyumba ya harusi. Lakini hakuwa akienda popote. Aliteremka ngazi hadi dakani, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, akafungua ubao mmoja wa mlango, akaketi juu ya kigoda na kuwasalimu wanawake na watoto waliopita, kila mmoja kwa jina lake, akiwauliza hali za wagonjwa wao. Ikiadhiniwa magharibi alifunga mlango na kupanda juu. Siku moja mvua ilimwagika kutwa, hakupita ila paka, alimsalimu paka.

Mtaa wetu haukuwa na jina la kitu kama hicho, basi ulimpa majina ya hovyo. Barazani ni mahali pa wanaume, na mwanamke wa nyumba kama yetu hakukaa mlangoni, sembuse mwanamke aliyeachwa, tena amejipamba. Bi Mwanaidi, jirani yetu wa mkabala, alisimama siku moja na kapu lake la mboga, akamtazama juu mpaka chini.

"Masalkheri, Zuwena. Hebu nambie, unampambia nani?"

"Nakupambia wewe, Bi Mwanaidi. Naona umeukunja uso tangu sokoni, nikasema upate pa kuukunjulia."

Bi Mwanaidi alicheka bila kutaka, akenda zake. Mimi sikucheka. Watoto wenzangu wa chuoni walikuwa wamekwishapata wimbo wao. Nikitokea tu kwenye kona ya uchochoro, Saidi, mtoto wa muuza halua, alipaza sauti: "Haya, binti wa nyumba ya harusi huyo! Bwana harusi keshafika, au bado anatafuta njia?" Nilijifunza kurudi nyumbani kwa kuzunguka vichochoro vya nyuma, na nikimkuta Shangazi mlangoni nilipita haraka, kichwa chini, kama napita mbele ya nyumba ya watu nisiowajua. Aliniita, nami nikaitika "naam" nikiwa nimeshafika katikati ya ngazi.

Maneno yalimfikia baba. Hakuwa mtu mkali, ila alikuwa na haya kama mimi. Nadhani ndiko nilikoirithi. Usiku mmoja tukila alisema, bila kumtazama dada yake, "Nikisikia tena nyumba yangu imetajwa barazani, mlango ule utafungwa mbao zote mbili. Na wewe, Zuwena, utakwenda shamba, Mangapwani, kwa wazee, ukapumzike." Shangazi aliuweka mkate chini. "Kaka," alisema polepole, "ukiufunga mlango huo, sitakuwa na sababu ya kukoga." Sikuyaelewa. Nilichokijua ni kwamba moyo wangu ulifurahi. Niliomba mlango ufungwe.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka chuoni nikaukuta mlango umefungwa. Hakuna kigoda, hakuna harufu ya asmini. Nikavuta pumzi kwa raha, nikasimama dakani peke yangu nikifurahia kiza kile. Baba alikuwa ametoka kwenda kuswali alasiri. Mama aliniambia kuwa adhuhuri baba aliingia chumbani kwa dada yake, akatoka uso umemshuka. Nikapanda juu kuchungulia.

Alikuwa amelala ameuelekea ukuta, kwa kanga ya kulalia, nywele zimesimama na kuvurugika. Sahani ya wali ilikuwa pembeni, imefunikwa, haikuguswa. Nilidhani ana homa.

"Shangazi, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu."

"Mbona hukushuka?"

Aliivuta kanga mpaka mabegani. "Leo sikukifikia kitana," akasema.

Kitana kilikuwa juu ya sanduku, hatua moja kutoka kitandani. Nilikitazama, nikamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza nikaona umbali ule. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Tuliokuwa tukimwona mlangoni amepambika tulidhani ni furaha imemzidi, au utovu wa haya. Kumbe kukoga, mafuta, kitana, wanja, ngazi, kigoda na salamu za watu vilikuwa ndiyo kamba aliyojivuta nayo kutoka kisimani kila siku kwa mikono yake mwenyewe, na siku hiyo mikono ilikuwa imechoka.

Sikujua la kusema, basi nikakichukua kitana. Alikubali kukaa. Nilimpaka mafuta, nikampasua njia, ikapinda. Nikaifuta, nikaipasua tena, ikapinda upande wa pili. Nikawa karibu kulia, kwani niliona watu wote wa mtaa wakiitazama njia ile. Nikaivuruga tena. Ndipo mabega yake yakaanza kutikisika, alikuwa anacheka.

"Rukia, jua litakuchwa tunatafuta njia. Iache ipinde. Tushuke."

Tulishuka, yeye bila wanja, bila asmini. Niliufungua ubao wa mlango mwenyewe, nikaketi kwenye jiwe la kizingiti karibu na miguu yake. Saidi alipita na sinia ya baba yake kichwani. "Leo maharusi wawili!" alisema. Masikio yaliniwaka. Lakini nilimjibu, kwa sauti iliyokwaruza, "Naam, na wewe leta halua." Alishangaa hata sinia ikamyumba, na Shangazi akanifinya bega.

Baba alirudi kutoka msikitini, akatukuta. Nilisimama nikingoja mlango ufungwe. Alimtazama dada yake kichwani.

"Njia imepinda," akasema.

"Kaipasua binti yako."

Alivua makubadhi, akapita katikati yetu, akapanda juu. Mlango aliuacha vile vile. Mangapwani haikutajwa tena.

Sasa, miaka kumi na kitu baadaye, mimi ni mtu mzima, ingawa bado kijana, naishi chumba kimoja Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Kusoma niliachishwa mapema. Kuandika hivi nimejifundisha mwenyewe, na ukurasa huu nimeuchana na kuuanza upya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Zipo asubuhi ambazo ukuta hunivuta nami. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nimeshawajua. Basi nafanya kama alivyofanya: nakoga hata nisipotaka, napaka mafuta, nachana nywele. Inasaidia, si kila siku, lakini inasaidia. Ila Shangazi aliyafanya hayo mbele ya mtaa mzima, ukimcheka, naye akiwajibu. Mimi nayafanya dirisha limefungwa, na jirani akigonga kuniuliza hali, nasema nina mafua. Nimerithi kitana chake, na mafuta yake. Kigoda chake bado kinanishinda.

Leo alasiri nimekitoa kigoda hadi karibu na mlango, na ubao mmoja nimeufungua. Bado niko ndani. Njia yangu imepinda, nami sijaivuruga.