Mkasi wa Ijumaa

Iddi Chome alikuwa na mkono wa mkasi, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Katika hoteli moja kubwa ya Diani ndiye aliyekata kayaba yote ya ua wa kuelekea ufukweni, na wageni walisimama wakaipiga picha kama jengo. Wenzake walimtania kwamba hata ugali hauli mpaka aunyooshe kingo kwanza.

Sasa mtu kama huyo alishindwaje kuufanya mti mmoja wa uani kwake utoe maua?

Mti wenyewe ulikuwa mtandamboo, ule mfupi wa vichakani wenye miiba, maua meupe yanayonukia, na matunda yanayowaacha watoto na midomo ya zambarau. Ulitoka Jego, kwa mama mkwe wake Bi Mbeyu, ambako mitandamboo iliizunguka nyumba tangu mkewe Husna hajazaliwa. Husna alipoolewa na kuhamia Ukunda alilia kwa siri wiki nzima, na Iddi alipombana sana alisema kitu kimoja tu: anaamka asubuhi, hanusi kitu. Kwao, mvua ikishanyesha, harufu ya mtandamboo humfuata mtu mpaka kitandani. Siku yake ya mapumziko Iddi alikwenda Jego, akachukua mche ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, na kabla ya kuondoka akatoa ahadi.

"Mama, nipe miaka miwili. Husna atanusa kwangu anachonusa kwako."

Hiyo ilikuwa 1994. Iddi aliutunza mche ule kama mtoto wa kwanza. Aliutilia mbolea ya mbuzi, akaumwagia maji ya kuoshea vyombo, akauzungushia makuti kuku wasiuchakure. Ulipopata kimo, kila Alhamisi jioni alimwomba Nahashon, mtunza stoo wa hoteli, mkasi mkubwa wa bustani, akaenda nao nyumbani. Ijumaa akitoka msikitini alivua kanzu, akaukata mtandamboo juu na pande zote nne mpaka ukawa kama sanduku. Husna aliketi barazani akisuka ukili wa mkeka, na mumewe akimsimulia vituko vya wageni wa wiki ile.

Miaka miwili ikapita, na wa tatu ukafuata. Mti ulikuwa na afya tele, majani yanang'aa, lakini maua hapana. Kila aliyetoka Jego kuja Ukunda aliagizwa na Bi Mbeyu aulize, "Umetoa?" Mwishowe Iddi akawa anawakwepa watu wa Jego sokoni. Tuseme kweli, jambo lile lilimuumiza kuliko alivyokubali. Hoteli nzima ilimwita fundi, na mkewe bado aliamka bila kunusa kitu. Husna hakulalamika hata siku moja, na huko kutolalamika ndiko kulikomkata maini.

Agosti ya 1997 ghasia zikazuka Likoni. Wageni wakatoweka, na mwezi uliofuata hoteli ikafungwa. Nahashon alikusanya vifaa vyote kabla ya kurudi kwao bara.

"Mzee, na mkasi pia," alisema kwa haya. "Ni order ya manager. Hata mimi job imeisha."

Iddi akapata kibarua cha kupakua samaki Shimoni. Mwanzoni alirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Kisha ikaja mvua ile ya El Nino, barabara zikakatika, na mtandamboo ukabaki bila mwenyewe. Ulichipua matawi marefu hovyohovyo, kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Mara moja tu alipofika aliutazama, akageuza uso.

Asubuhi ya Idd, mwishoni mwa Januari, alikuwa anarudi na kikapu cha samaki. Hata mlango hajauona, harufu ikamfikia. Akasimama njiani. Kisha akapita uani kwa haraka, na pale, kwenye ncha ya kila tawi, palikuwa na kishada cha maua meupe. Bi Mbeyu, aliyefika kutoka Jego siku mbili nyuma, alikuwa kando ya mti na Husna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Idd mubarak. Mbona umesimama kama mgeni?"

"Umetoa, mama."

"Umetoa kwa sababu hukuukata. Huu hutoa maua nchani. Kila Ijumaa ulikuwa ukikata nini, kama si maua yenyewe?"

Iddi akamgeukia mkewe.

"Husna, wewe ulijua?"

"Nimezaliwa katikati yake. Nitakosaje kujua?"

"Na ukaninyamazia miaka yote hii?"

Husna aliokota ua lililoanguka, akalizungusha vidoleni.

"Siku sita ulikuwa mtu wa hoteli," alisema. "Ijumaa ulikuwa hapa, unakata, unanisimulia. Ningekwambia uuache, ungekwenda kucheza bao na wenzio. Harufu nilikuwa naitaka. Lakini wewe nilikutaka zaidi."

Mwanamume akiambiwa hivyo mbele ya mama mkwe hana pa kuficha uso. Iddi aliinamia kikapu chake, akaanza kuwahesabu samaki aliojua idadi yao.

Julai hoteli ikafunguliwa, na Nahashon akarudi na funguo zake. Alhamisi ya kwanza alimletea mkasi.

"Mzee, beba kama kawaida."

Iddi aliupokea, akaupaka mafuta, akautundika tena kwenye msumari wa stoo. Kesho yake alitoka msikitini mikono mitupu, akatembea polepole, maana hakujua Ijumaa kama ile mtu huifanyia nini.

Alimkuta Husna amechuchumaa upande wa pili wa uani, mikono ina udongo. Alikuwa amepanda vijiti vya kayaba alivyoviomba kwa jirani, mstari mzima, vimenyooka kama safu ya kuswali.

"Hivi ndivyo vya kukata," alisema bila kuinua kichwa. "Ule uuache."

Vijiti vilikuwa havijafika hata kifundo cha mguu. Mwaka mzima ungepita kabla mkasi haujapata kazi pale. Iddi alivua kanzu, akaketi chini kando ya mkewe, akaanza kumsimulia habari za wageni.